Kamera Isiyojua Njia ya Kimuli

Kimuli, Karagwe
5 Julai 1998

Kaka Rwegoshora,

Shikamoo. Hiyo shikamoo ipokee, lakini ujue nimeiandika kwa sababu mama amekaa hapa mbele yangu anachambua maharage, na ameniambia kwamba barua isiyo na shikamoo haitatoka nyumbani kwake. Hujambo wewe? Watoto hawajambo? Wifi yangu Kemirembe mguu wake umepona? Hao wote nawasalimu kwa moyo mweupe kabisa. Wewe nakusalimu kwa desturi.

Sisi huku hatujambo. Mama kifua kinambana asubuhi kwa sababu ya baridi hii ya kiangazi, lakini jua likipanda anatoka mwenyewe kuanika kahawa na kumfokea kila anayepita karibu na mkeka. Migomba iko salama. Mtama umekomaa vizuri, na ndege hawajaugusa mwaka huu, jambo ambalo limewashangaza majirani. Sababu yake nitakueleza, lakini si sasa.

Barua hii umeletewa na Evangelina, binti wa mwalimu, anayerudi huko Arusha kwenye chuo chake cha uuguzi. Amekukabidhi pia vikopo vitatu vya filamu, vile vyeusi vyenye vifuniko vya kijivu, ulivyoniomba kwa haraka kama mtu anayeunguliwa na nyumba. Nakuomba usivifungue. Kimoja utaona ni chepesi kuliko vingine; kiache hivyo hivyo. Soma kwanza mpaka mwisho, maana nakujua, wewe kusoma mpaka mwisho hujawahi.

Barua yako ilifika, na nilimsomea mama karibu yote. Alicheka sana pale uliposema ulifika studio ya kusafishia picha, ukamtupia fundi vikopo vyako kwa maringo, fundi akafungua akakuta kahawa ya kutafuna. Alitaka nirudie hapo, nikarudia. Mimi sikucheka. Wewe mwenyewe ndiye unayemletea mama vikopo vitupu kila ukija, na unajua kwamba ndivyo anavyowekea kahawa yake iliyochemshwa na kukaushwa, kwa kuwa haishiki unyevu. Vyote vinakaa kwenye rafu moja, juu ya mtungi. Mtu anayeondoka nyumbani kwa amani anaagwa, anawekewa kahawa yake mkononi, wala hachanganyi chochote. Wewe uliondoka kwa kukwapua. Ulivyokwapua ndivyo ulivyopata.

Kisha ukaandika kurasa nzima juu ya hiyo kamera. Ukasema kule mbugani umemwona mgeni mmoja anayo kamera isiyotumia filamu, umeiita ya dijitali, nzito kama tofali, picha inaingia ndani yake na kutoka kwenye kompyuta. Ukasema kampuni inayozitengeneza inawauliza wapiga picha wa wanyama waeleze kamera wanayoiota, ili mafundi waijaribu. Ukaniomba nami nitoe mawazo, kwa sababu eti mimi ndiye niliyesimama nawe majini na kushika ile stendi ya miguu mitatu. Ebo! Leo umekumbuka nani alishika stendi.

Haya, umeuliza, nitakujibu. Wala sitajibu kwa hila, kwa sababu kitu hiki nimekiwaza hata kabla hujaniuliza, nikiwa nimekwama kwenye matope mpaka mapajani huku wewe umekaa pakavu unanionyesha kidole nisitikisike.

Kamera ninayoitaka isipige kelele. Unakumbuka siku ya kwanza? Tulisubiri kwenye mafunjo tangu giza halijaisha, ukungu wa mto Kagera umetufunika hata sikuoni, na nzohe jike, yule swala wa majini, akatoka taratibu, anainua kwato zile ndefu mguu baada ya mguu. Ulibonyeza mara moja tu. Kacha! Na ile mota yako ikavuta filamu kwa mlio kama mtu anayesaga mawe. Yule mnyama hakukimbia hata, alizama tu majini akabaki pua, na sisi tukabaki na picha ya maji. Basi waambie mafundi wako waondoe kioo kile kinachoruka ndani, waondoe mota, iwe kimya kama jicho linavyofumba. Na ione kwenye ukungu na kwenye mwanga hafifu bila kutia chenga kwenye picha, kwa maana wanyama wetu hawajui habari ya saa nne asubuhi ya watalii. Isiogope maji. Betri isife kwa baridi. Mkanda wake usiwe na maandishi ya manjano yanayoonekana toka ng'ambo ya bonde.

Tena ionyeshe picha hapo hapo, mgongoni mwake. Hili nalitaka kuliko yote, na si kwa ajili ya nzohe. Wewe umempiga mama picha ngapi katika maisha yako? Kila ukija, mama kaa hapa, mama geuka, mama tazama jua. Amewahi kuona hata moja? Zinakwenda kwako zinaishia huko, ukirudi unasema umesahau. Baba alizikwa bila picha, na mwanawe ni mpiga picha. Watoto wangu wananiuliza babu alikuwaje, nawaambia alifanana na mjomba wenu. Siku hizi nimeacha kuwaambia hivyo. Mama anachotaka ni picha moja tu, ya kuwekwa juu ya sanduku siku yake ikifika, ili watu wajue wanamzika nani. Kamera ya kumwonyesha sura yake papo hapo ingekuvua uongo mwingi, kaka.

Mpaka hapo naona tunakubaliana, na nilipokuwa naisoma barua yako nilishaanza kulegea, nikajiona nimo tena kwenye mafunjo nachungulia kwenye lenzi yako. Ndipo nikafika pale ulipoandika ndoto yako mwenyewe. Unataka kamera inayojua yenyewe mahali ilipo, isome kwenye setilaiti, iandike kila picha imepigwa bonde gani, kijiji gani, siku gani, saa ngapi. Na picha ipite kwenye waya wa simu, jioni ile ile ionekane Ulaya. Niliiweka barua chini. Mama akauliza kwa nini nimeacha kusoma, nikamwambia nimechoka macho.

Hivi wewe ni mtu wa namna gani? Unayaandika hayo kwangu mimi? Mwaka huu huu?

Ngoja nikukumbushe, kwa vile umejitia hamnazo. Nzohe, sisi tunamwita enjobe, ndiye muziro wa ukoo wetu. Hatumli, hatumuui, ngozi yake hatuikalii. Watu wa ukoo wetu ndio wenye mashamba pembeni mwa lile bonde, ndiyo sababu wale wachache wamebaki hata baada ya vita na baada ya njaa zote zilizopita hapa. Mgeni akiuliza kama wapo, tunasema waliisha zamani. Hata Theoneste Mbonimpa, ambaye si wa ukoo wetu, ambaye wazazi wake walikuja toka Rwanda wakakodi kishamba pale chini, alijifunza kusema waliisha zamani. Mimi nilikuonyesha kwa sababu wewe ni Rwegoshora, mwana wa mama yetu Auleria. Sikukupima wala kukuchunguza. Mtu hamhofii ndugu yake kwenye jambo la muziro, kama vile hamhofii asije akamla mama yake. Hilo ndilo lililotuponza.

Na bado mama alihakikisha. Alikukalisha kwenye mkeka, akatoa tunda moja la kahawa, akalipasua, punje moja akatafuna yeye na nyingine ukatafuna wewe. Ukasema kwa kinywa chako kwamba picha utaipiga lakini mahali hutapataja. Kiapo cha kahawa, Rwegoshora. Watu wasiozaliwa tumbo moja wanakula kahawa hivyo wanakuwa ndugu mpaka kufa. Wewe uliyekuwa ndugu tayari, uliimeza ikakupitia kama maji.

Kalenda ya picha zako ilifika huku Januari. Picha ya Machi: nzohe jike, ukungu nyuma yake, kazi nzuri, sikunyimi sifa yako. Na chini yake, kwa herufi nyeupe safi: Nzohe, bonde la Kimuli, Karagwe. Kalenda ilitundikwa kwenye duka la dawa, kwenye ofisi, na kwenye kilabu cha rubisi kule Nkwenda, ambako wanaokunywa si wote ni watu wa kutazama picha kwa ajili ya uzuri. Machi ilipofunuliwa, wakaisoma. Niliambiwa baadaye kwamba mmoja wao alishangaa kwa sauti kubwa, kumbe wale wa Kimuli walikuwa wanatuzuga miaka yote hii.

Walikuja na mbwa na nyavu. Theoneste aliwasikia mbwa, akateremka na panga akiwapigia kelele, wakamwachia mbwa wawili. Mguu wake mpaka leo anauburuta. Jike yule aliyezama akabaki pua, safari hii mbwa waliijua pua, akauawa pamoja na wenzake. Na unajua mwenyekiti alimkamata nani kwanza? Alimkamata Theoneste, kwa sababu alikutwa bondeni ana damu, na kwa sababu jina lake ni Mbonimpa. Alilala ofisi ya kata na mguu ule hadi wale wa Nkwenda wakajisifu wenyewe kilabuni. Mkewe Nyirabahire alikuja hapa kulia kwa mama, na kalenda ile ilikuwa imetundikwa ukutani kwetu, jina la mwanawe limeandikwa pembeni. Aliitoa msumarini mbele ya yule mama, akaitia jikoni.

Mimi na Theoneste ndio tulioliona lile dume dogo baadaye, mtoto wa yule jike, amejikunyata kwenye mafunjo mazito kule juu zaidi, karibu na chemchemi. Tulipatana tusimwambie mtu yeyote. Mama nilimwambia, kwa kuwa mama simfichi kitu. Na mama, ulipokuja mwezi jana na kumuuliza kwa upole kama wote waliisha, akasema amebaki mtoto. Usidhani namlaumu. Alijua anaongea na mwanawe.

Ulituambia umekuja kumsalimu mama. Ukaamka kabla yetu sote, ukarudi umelowa hadi kiunoni, unacheka peke yako. Nilipoyaona matope nikajua. Nilikuambia maneno mazito siku ile, na siyarudishi hata moja. Wewe ukaniambia kwamba nchi nzima ina haki ya kuwajua wanyama wake, kwamba picha ndiyo inayowalinda, kwamba mimi nina akili za bondeni. Labda picha inalinda kule kwenye mbuga zenye magari na askari. Hapa anayelinda ni mtu anayesema waliisha zamani. Ulipoona mama anaanza kulia, ukamkalisha pale kwenye mkeka wa kahawa na rozari yake na kitenge kile cha bluu, ukammalizia filamu iliyobaki, ukamwahidi kwamba safari hii picha yake italetwa. Kisha ukakwapua vikopo kwenye rafu ukakimbilia basi.

Sasa unaniandikia kwamba hizo filamu zinangojewa na jarida moja la nje, kwamba ndizo zitakazokupandisha, na kwamba kamera ya dijitali ingekuwepo wala usingehitaji kuniomba. Hapo umesema kweli. Ingekuwepo, yule mtoto angekuwa Ulaya jioni ile ile, na chemchemi yetu imeandikwa na setilaiti, na mimi ningebaki hapa kupiga kelele nikiwa na jembe mkononi.

Kwa hiyo andika na hili kwenye ndoto yako, uwaambie ni maoni ya dada yako wa Kimuli. Kamera kamili ya mpiga picha wa wanyama iwe inasahau mahali. Ikumbuke manyoya, ikumbuke maji yanavyochuruzika masikioni, lakini njia ya kufika isiijue. Na mafundi wakiweza, waitie haya kidogo, ili mwenye kuishika akiwa amekula kiapo ikatae kufumbua jicho. Kama hilo haliwezekani, basi waiache filamu ilivyo, kwa sababu filamu ina fadhila moja ambayo hukuitaja kwenye barua yako yote.

Fadhila yenyewe ni kwamba ukiitoa juani, inakufa.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba kufungua kikopo hakudhuru kitu, mpaka ile filamu ivutwe nje ya ala yake. Ulimi wa kila moja, ile ncha ya kuvutia, ulikuwa umerudishwa ndani, kwa hiyo nilibandua vifuniko vya ala zenyewe kwa kisu cha kumenyea ndizi, adhuhuri, uwanjani, jua liko utosini. Sikuwa na hasira wakati huo. Mama alikuja akasimama karibu yangu, akaniuliza kama yule mtoto yumo humo. Nikamwambia yumo. Akauliza kama na yeye yumo. Nikamwambia yumo, mwishoni mwa ile ya tatu, na kwamba hiyo nikiiharibu hakuna nyingine, na nikamwambia pia kwamba tungeweza kuihifadhi, labda ipatikane studio Bukoba ya kutusafishia kwa siri. Mama akasema studio ni watu, na watu wana midomo.

Akaichukua ile ya tatu mkononi mwangu. Mimi sikuivuta, kaka. Aliivuta mwenyewe, taratibu, kama anavyotoa nyuzi za mgomba, mpaka ikaisha. Kisha akasema anayetaka kuiona sura yake aje aione ikiwa bado ina macho.

Filamu zako tumezifunga kwenye vijiti katikati ya mtama. Zinang'aa na kupiga makofi kwa upepo, na ndege wanapita mbali. Theoneste ameomba kipande kwa ajili ya shamba lake, nimempa.

Sasa unaweza kufungua. Viwili mama amekujazia kahawa. Alinituma nikwambie kwamba moja ya matunda hayo ulipasue, punje moja utafune, na nyingine umletee, utamkuta anakungoja kwenye mkeka. Hayo ni maneno yake, si mimi niliyeyatunga. Yangu ni kwamba ukija, uje mikono mitupu. Nikikuona na mkoba wa kamera pale kwenye njia ya migomba, nitakurudisha mwenyewe, na mama akipenda alie.

Kikopo cha tatu, kile chepesi, hakina kitu. Ndicho kilichokuwa na mama. Kiweke mezani kwako uwe unakitazama.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mama anawabariki nyote, hata wewe.

Ni mimi dada yako, tumbo moja, nipende nisipende,
Kokushubira